Chuma Kizuiacho Gari Kulala, na Hatari ya Kukiondoa Bila Kufikiri

Kila aliyepata kupanda basi ajua ya kuwa likikata kona kwa mwendo mkali, abiria wote huelemea upande mmoja, na basi lenyewe hulala pamoja nao. Ili kupunguza kulala huko, waundaji wa magari huweka chuma kirefu, cha mviringo kama nondo, kipitacho chini ya gari toka gurudumu la kulia hata la kushoto. Mafundi hukiita stabilaiza. Leo twataka kueleza kazi yake, na jinsi mtu ajiundiaye gari nyumbani awezavyo kuamua kama kibaki, kiondolewe, au kibadilishwe.

Huko Uingereza desturi ya kujiundia gari ni ya siku nyingi. Tangu mwaka 1957 kampuni ya Lotus iliuza gari dogo liitwalo Seven likiwa vipande vipande, na mnunuzi akalifunga mwenyewe. Maana kwa njia hiyo aliepuka kodi ya manunuzi iliyotozwa gari zima. Siku hizi wako wachukuao Mazda MX-5 kuukuu, gari lililotolewa kwanza mwaka 1989, wakaondoa bodi lote, kisha mitambo na magurudumu yake wakayafunga katika fremu mpya ya mabomba ya chuma. Gari hilo jipya huitwa Exocet, nalo hupungukiwa na kilo zaidi ya 200. Hapo ndipo swali huzuka: je, chuma kilichopimiwa gari zito chafaa bado kwa gari jepesi?

Kwanza tufahamu kazi yake. Magurudumu mawili yakipanda pamoja, chuma hujizungusha tu, wala hakifanyi neno. Gurudumu moja likipanda peke yake, chuma husokotwa kama nguo inayokamuliwa, nacho hushindana na msokoto huo. Basi katika kona hulibebesha gurudumu la nje uzito zaidi, na la ndani hulipunguzia. Lakini tairi lililobebeshwa uzito maradufu halishiki barabara maradufu. Hushika zaidi, ila si kwa kiasi hicho. Kwa hiyo upande wa gari wenye chuma kigumu zaidi, kama ni mbele au nyuma, ndio utakaotangulia kuteleza.

Wa mbele ukitangulia, gari hukataa kukata kona na kutaka kwenda moja kwa moja. Dereva akipunguza mwendo kwa utaratibu, kwa kawaida hulirudisha njiani. Wa nyuma ukitangulia, mkia hutupwa nje, na gari laweza kuzunguka kama pia, hasa barabara ikiwa na maji. Kwa sababu hiyo twasema: usiondoe chuma cha mbele ukakiacha cha nyuma. Ukitaka kujaribu, anza na cha nyuma.

Kazi ya kukiondoa si ngumu. Simamisha gari mahali tambarare, weka kabari kwenye magurudumu yabakiayo chini, inua pande zote mbili sawasawa kwa jeki, kisha liweke juu ya stendi imara. Usiingie kamwe chini ya gari lililoshikwa na jeki tu. Kuinua sawasawa kuna maana yake: gurudumu moja likiwa juu na jingine chini, chuma huwa kimesokotwa, na bolti ikilegezwa kitaruka na kuumiza mkono. Fungua viungo vya mwisho kwanza, halafu vishikizo vya katikati vyenye bushi za mpira. Chuma na bolti zake uviweke salama. Wazee walisema, usiache mbachao kwa msala upitao.

Kisha lijaribu gari katika uwanja mpana usio na watu, kwa mwendo mdogo kwanza. Likilala mno, au likikawia kuufuata usukani, hapo utafute chuma kingine. Katika kuchagua, usidanganywe na tofauti ndogo ya unene. Chuma cha milimita 24 ni kigumu mara mbili kuliko cha milimita 20, ingawa kwa macho hufanana. Mkono wake nao ukiwa mfupi, ugumu huzidi. Kwa gari jepesi chuma chembamba hutosha mara nyingi, na kilicho bora ni kile chenye matundu kadhaa mkononi, ili fundi aweze kuongeza au kupunguza ugumu kidogo kidogo.

Tena badili jambo moja tu kwa wakati mmoja, uliandike, ulijaribu. Abadiliye springi, matairi na stabilaiza siku moja hatajua ni kipi kilichomponya wala kipi kilichomtia hatarini. Gari la kujiundia halina mkaguzi wa kiwandani. Mkaguzi wake wa kwanza ni yule yule aliyeshika spana, naye ndiye atakayeketi nyuma ya usukani.