Nani Anamdai Nabi? (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita nilieleza miaka ya bakuli, pale Mwinyi Zahera alipokuwa akiifundisha Yanga na papo hapo akiwahimiza wanachama wachange ili klabu iweze kujikimu. Leo naingia kwenye ubishi wenyewe, ule unaowasha vijiwe vya Wananchi, yaani sisi mashabiki wa Yanga, tangu katikati ya 2023 na ambao haujapoa hadi leo: kati ya Nasreddine Nabi na Miguel Gamondi, nani aliifaa Yanga zaidi? Nimeusikia kwenye kahawa Kariakoo, nimeusikia kwenye daladala, nimeusikia hata msibani watu wakisubiri jeneza litoke ndani. Mimi ni Mwananchi na sitajifanya mwamuzi asiye na upande. Nitakachojaribu ni kuuweka ubishi huu kwenye mizani inayostahili, kwa sababu naona tunaupima kwa kipimo kibovu.

Anayemtetea Gamondi hahitaji maneno. Hunyanyua mkono, akatanua vidole vitano, akanyamaza. Tarehe 5 Novemba 2023 Yanga iliwafunga watani wake Simba 5-1 kwenye Uwanja wa Mkapa, na kwa mtu aliyekuwa akiitembeza aibu ya 5-0 ya Mei 2012, vidole vile ni risiti ya deni lililolipwa. Anayemtetea Nabi hana ishara ya mkono. Analazimika kusimulia, na katikati ya simulizi yake hana budi kufika Algiers, ambako hadithi inamgeuka mdomoni. Fundi cherehani mmoja hapo Kariakoo aliifupisha hoja dhidi ya Nabi hivi: "Nabi alitufikisha mtoni, hakutuvusha."

Basi na tuanzie huko mtoni.

Fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2023 ilichezwa kwa mikondo miwili. Tarehe 28 Mei, Kwa Mkapa, USM Alger walitangulia kwa bao la Aymen Mahious. Fiston Mayele akasawazisha dakika za mwisho mwisho, uwanja ukatetema pamoja naye, na dakika chache tu baadaye Islam Merili akafunga la pili. Siku ile haikuwa ya kupoteza mechi peke yake: mtu mmoja alifariki na wengine wakajeruhiwa katika msongamano wa kuingia uwanjani, na kila ninapoikumbuka fainali ile namkumbuka kwanza yeye, aliyetoka nyumbani kwake kwenda kuishangilia timu asirudi. Tarehe 3 Juni, Algiers, Djuma Shaban alifunga penalti mapema, Djigui Diarra akaokoa ya wenyeji, na Yanga ikashinda 1-0. Jumla ikawa 2-2, kombe likabaki Algeria kwa kanuni ya bao la ugenini.

Kanuni hiyo inasema kwamba timu zikilingana mabao, iliyofunga mengi zaidi ugenini ndiyo inayopita. Ulaya walishaiacha katika mashindano yao kuanzia msimu wa 2021/22, lakini CAF ilikuwa bado inaitumia. Waalgeria walifunga mawili Dar es Salaam, sisi tukafunga moja kwao, na hesabu ikaishia hapo. Ni haki kuwa na uchungu na kanuni. Ila mimi kosa la Nabi naliona mahali pengine, tena sijasikia watu wengi wakilisema: ni katika zile dakika kati ya bao la Mayele na bao la Merili. Timu iliyokuwa imetoka nyuma ikaendelea kukimbilia bao la ushindi kana kwamba hakuna mechi nyingine iliyobaki. Chukua kalamu upige hesabu. Sare ya 1-1 nyumbani, halafu ushindi ule ule wa 1-0 Algiers, jumla ni 2-1 na kombe linapanda ndege kuja Jangwani, makao ya klabu. Kocha aliyejenga jina lake kwa subira alikosa subira, yeye na wachezaji wake, pale ilipohitajika zaidi. Hilo namdai.

Hilo moja. Lakini mizani ina sahani mbili.

Nabi, Mtunisia aliyeishi miaka mingi Ubelgiji, alifika Aprili 2021 kuchukua nafasi ya Cédric Kaze, ambaye baadaye alirudi kuwa msaidizi wake. Tarehe 25 mwezi huo huo Azam ikaifunga Yanga 1-0. Baada ya hapo Yanga haikupoteza mechi ya ligi hadi tarehe 29 Novemba 2022, Ihefu walipoifunga 2-1 kule Mbarali. Mechi 49, idadi ileile ya Arsenal ya Arsène Wenger. Ndani ya mechi hizo kuna msimu mzima wa 2021/22, michezo 30 bila kufungwa, na ubingwa uliokatisha utawala wa Simba wa misimu minne mfululizo. Misimu yake miwili kamili ilizaa ubingwa wa ligi mara mbili, Kombe la Shirikisho la hapa nyumbani mara mbili na Ngao ya Jamii mara mbili. Haya yote wanaobishana wanayajua, na huyataja haraka kama mtu anayehesabu chenji.

Ninachotaka kukaa nacho ni jambo moja ambalo kabati la makombe haliwezi kulionyesha. Septemba 2021 Yanga ilikutana na Rivers United ya Nigeria kwenye mechi za awali za Ligi ya Mabingwa. Ikafungwa 1-0 hapa, ikafungwa 1-0 kule, ikatoka bila hata bao moja. Wengi wetu hatukushtuka, na hapo ndipo palipokuwa na ugonjwa. Tulikuwa tumezoea kwamba Afrika ni safari ya kwenda na kurudi: unatoka Agosti au Septemba, unarudi kwenye ligi, unajifariji kwa kumfunga mtani. Aprili 2023, miezi 19 baadaye, Yanga ile ile chini ya kocha yule yule ilikutana tena na Rivers United, safari hii robo fainali ya Kombe la Shirikisho. Ikaenda Uyo, Mayele akafunga mawili, ikarudi Dar es Salaam ikatoka 0-0 ikapita. Kweli, kikosi hakikuwa kile cha awali. Stephane Aziz Ki, Mudathir Yahya na Kennedy Musonda walikuwa wamekuja. Lakini namna timu ilivyosimama uwanjani kule Nigeria, bila haraka na bila woga, haikununuliwa dirishani.

Itazame safari yenyewe. Baada ya kutolewa na Al Hilal ya Sudan kwenye Ligi ya Mabingwa, Yanga iliangukia Shirikisho. Ikatoka sare ya 0-0 na Club Africain nyumbani, ikaenda Tunis ikashinda 1-0 kwa bao la Aziz Ki. Kwenye makundi ilifungwa 2-0 na Monastir, ikaambulia sare Bamako, kisha ikaenda Lubumbashi ikaifunga TP Mazembe 1-0 na kumaliza kinara wa kundi kwa pointi 13. Nusu fainali iliifunga Marumo Gallants 2-0 hapa na 2-1 kwao. Kisha Algiers. Tunis, Lubumbashi, Uyo, Rustenburg, Algiers: miji mitano, ushindi mara tano ugenini, ndani ya msimu mmoja. Mayele akaibuka mfungaji bora wa mashindano kwa mabao saba. Feisal Salum, kiungo ambaye wengi waliamini timu haiendi bila yeye, alikuwa kwenye mgogoro wa mkataba tangu Desemba na hakuwemo katika safari ya makundi hadi fainali.

Ilifanyikaje? Nabi alijenga kuanzia nyuma. Viungo wake wa chini, Khalid Aucho na Yannick Bangala, hawakuachia nafasi mbele ya mabeki wa kati. Timu ikipoteza mpira ilirudi kujipanga kwanza ndipo ikabe. Mbele alihitaji mtu mmoja wa kumalizia, na alikuwa naye. Mpira wa namna hii hauwapendezi watazamaji kila Jumamosi, hasa unapocheza na timu iliyokuja Kwa Mkapa kujilinda. Ila ugenini barani Afrika, kwenye kelele na uwanja mgeni, ndio unaokurudisha nyumbani na pointi.

Gamondi alipokuja mwishoni mwa Juni 2023 kumrithi Nabi, aliugeuza mpira huo. Wake ulikuwa mpira wa kukabia juu, kuunyang'anya mpira karibu na goli la mpinzani, na kuwaacha viungo washambuliaji wabadilishane nafasi hadi mabeki wachanganyikiwe. Wanaomtetea Nabi hupenda kusema kwamba Muargentina huyu alikuta nyumba imejengwa akaweka mapazia. Huo si uadilifu. Mayele alikuwa amekwenda Pyramids ya Misri, Bangala ameondoka, Djuma Shaban ameondoka, Feisal amehamia Azam. Gamondi aliwapokea Pacome Zouzoua, Maxi Nzengeli na Kouassi Yao, akaunda safu ya mbele isiyotegemea mshambuliaji mmoja, na chini yake Aziz Ki akafunga mabao 21 ya ligi na kuwa mfungaji bora. Aliiingiza Yanga hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa kwa mara ya kwanza tangu 1998, akaifunga CR Belouizdad 4-0, akaisimamisha Mamelodi Sundowns 0-0 mara mbili kwenye robo fainali, shuti la Aziz Ki likikataliwa kuwa bao, hadi mikwaju ya penalti ikatutoa. Mwenye kuyadharau hayo kwa ajili ya kumpenda Nabi hampendi Nabi, anapenda kubishana.

Wanaomtetea Gamondi nao wana silaha yao, na ni kali. Julai 28, 2024, Yanga ya Gamondi ilikwenda Bloemfontein kucheza Toyota Cup na Kaizer Chiefs, na kwenye benchi la Chiefs alikuwa ameketi Nabi. Yanga ikashinda 4-0. Siku ile simu yangu haikupumzika. "Mwalimu, umeona? Kesi imefungwa." Haikufungwa. Chiefs walikuwa wamempokea kocha mpya wiki chache tu nyuma, na mechi ya maandalizi haimhukumu mtu. Mei 2025 Nabi huyo huyo aliwapa Chiefs Kombe la Nedbank kwa kuwafunga Orlando Pirates 2-1, kombe lao la kwanza katika miaka kumi. Na Gamondi aliyewafunga 4-0? Novemba 2024, baada ya kufungwa 1-0 na Azam na 3-1 na Tabora United katika wiki moja, alikuwa ameshaonyeshwa mlango Jangwani.

Nisimame kidogo hapo, kwa kuwa ubishi wetu unakipita kitu hiki mbio. Oktoba 2022, baada ya kutolewa na Al Hilal, kelele za kutaka Nabi aondoke zilikuwa kubwa. Zikaongezeka baada ya ile sare na Club Africain. Uongozi ukavumilia. Laiti ungesikiliza jukwaa, pasingekuwa na Lubumbashi, pasingekuwa na Uyo, na leo pasingekuwa na fainali ya kumlaumia. Gamondi hakupata uvumilivu huo, ingawa alikuwa na ubingwa wa 2023/24 mkononi. Baada yake alikuja Sead Ramović, akaondoka Februari 2025 kwenda Belouizdad. Akaja Miloud Hamdi, akachukua ubingwa akaondoka. Akaja Romain Folz, akaachishwa hata msimu haujakolea. Makombe ya nyumbani yaliendelea kuja, kwa hiyo mtu anaweza kusema kocha si kitu, wachezaji ndio timu. Kwa ligi yetu ya sasa huenda ana hoja. Kwa Afrika sikubaliani naye. Kule timu hucheza kwa mazoea, na mazoea hayajengeki kwa miezi mitatu.

Ndiyo maana nasema tunapima kwa kipimo kibovu tunapohesabu makombe ya Nabi na mabao ya Gamondi. Kabla ya Nabi, shabiki wa Yanga hakuwa na sababu ya kulia kwa kukosa kombe la Afrika, kwa kuwa hakuwahi kulikaribia kiasi cha kulinusa. Gamondi alipofika alikuta wachezaji na mashabiki ambao tayari walikuwa wameiona fainali kwa macho yao, akaipandisha timu ile ile ngazi moja juu, kutoka Shirikisho hadi Ligi ya Mabingwa. Siwezi kumtenga mmoja na mwenzake bila kumdhulumu mmojawapo. Lakini nikilazimishwa kusema nani alifanya kazi ngumu zaidi, namtaja Nabi, na sitetereki.

Jumapili iliyopita nilikaa na mzee mmoja mstaafu wa reli, Mwananchi wa tangu ujana wake, tukinywa kahawa. Pembeni yetu kijana wa kama miaka kumi na minane alikuwa akimkandia kila mtu: Nabi kakosa kombe, Gamondi katolewa robo fainali, robo fainali ni aibu kwa klabu kama Yanga. Mzee alimsikiliza hadi mwisho. Yeye anaukumbuka mwaka 1998 vizuri, na miaka yote 25 iliyofuata.

"Mwanangu," akamwuliza taratibu, "robo fainali ya Afrika ni aibu, hilo umefundishwa na nani?"

Kijana hakumjibu. Alikuwa keshachovya kidole kwenye maji ya birika, anachora mezani mstari wa goli la Sundowns na kutia nukta mahali anapoamini shuti la Aziz Ki lilidunda ndani.