Baada ya Maiti Kutolewa Nyumbani

Mgonjwa wa kwanza kujulikana katika mlipuko wa virusi vya Marburg wilayani Biharamulo alikuwa mwanamke mtu mzima. Dalili zilimwanza tarehe 9 Desemba 2024. Tarehe 16 akafariki. Mlipuko ulithibitishwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 20 Januari 2025, akiwa Dodoma pamoja na Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, Tedros Adhanom Ghebreyesus. Kufikia siku hiyo watu wanane walikuwa wameshafariki. Mlipuko ulipokwisha idadi ilifika kumi, na wengi wao walikuwa wanawake. Hakuna aliyeugua akapona.

Tuwafikirie hao wanane. Marburg huua kwa homa kali, kutapika, kuharisha na mara nyingine kutokwa na damu. Mtu akifia nyumbani kwa ugonjwa wa namna hiyo, anaacha godoro lililolowa, shuka, kanga, ndoo aliyotapikia na sakafu ya udongo iliyokwisha kunywa kila kilichomwagika. Vitu hivyo havijisafishi. Kwa Wahangaza na Washubi wa eneo hilo, kama kwa Wasukuma na Wahaya, anayeviondoa ni mama, dada, shangazi au jirani aliyekuja msibani, kwa maji, sabuni na mikono mitupu. Ndiye pia anayemwosha marehemu. Anafanya hivyo kwa upendo, na virusi huwa vingi mno mwilini mwa maiti saa hizo hizo anazoinama kumwosha.

Mlipuko ulipotangazwa, kazi hiyo ilihamia kwa watu waliofundishwa: maafisa afya na timu za maziko salama. Mgonjwa wa mwisho alifariki tarehe 28 Januari na kuzikwa kwa utaratibu huo. Zikahesabiwa siku 42, mara mbili ya muda mrefu kabisa ambao virusi hukaa mwilini kabla ya dalili kuonekana, na tarehe 13 Machi 2025 Waziri wa Afya wa wakati huo, Jenista Mhagama, akatangaza kwamba mlipuko umekwisha.

Wanaotazama kwa mbali huona watu waliovaa kama wanaanga wakinyunyiza dawa. Kazi yenyewe ina hesabu. Klorini ya kusafishia damu na maiti huwa ya asilimia 0.5: ukiwa na jiki ya asilimia 3.5, unachanganya sehemu moja na maji sehemu sita. Inachanganywa upya kila siku, maana jua na muda huidhoofisha. Damu na matapishi nayo huila nguvu, kwa hiyo kumwaga dawa mara moja juu ya dimbwi la damu ni kujidanganya. Kwanza unafunika kwa kitambaa, unamwagia klorini, unasubiri, unazoa, kisha unasafisha tena pale pale. Godoro lililolowa huchomwa. Halafu inakuja hatua ya hatari kuliko zote, kuvua mavazi: kila glovu, miwani na barakoa kwa zamu yake, mwenzako akikutazama na kukuelekeza, kwa sababu mtu aliyechoka na kuloa jasho hujigusa uso bila kujua.

Tena kuna familia iliyosimama uani. Timu inayofika, ikapulizia, ikabeba mwili na kuondoka bila neno itafichwa msiba unaofuata. Ndugu waelezwe kila kinachofanyika, wasali, wachague mahali pa kaburi, wasimame mbali kidogo lakini waone. Na godoro lililochomwa lilipwe. Kwa kaya nyingi za vijijini hiyo ni mali ya miaka, na anayejua kwamba hatalipwa atalificha.

Wilaya jirani ya Ngara inaifahamu kazi hii ya kushughulikia maiti kwa namna nyingine. Mwishoni mwa Aprili 1994, karibu wakimbizi 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja, na kambi ya Benaco ikazaliwa. Chini ya daraja hilo Mto Kagera ulikuwa ukibeba maiti za waliouawa kwenye mauaji ya kimbari, ukizipeleka hadi Ziwa Victoria. Upande wa Uganda, wavuvi na wanakijiji waliziopoa na kuzizika. Makaburi ya Kasensero, Lambu na Ggolo yamehifadhi watu zaidi ya 10,000. Walioingia majini kuwatoa wageni wale na kuwapa kaburi wanastahili heshima kubwa kuliko waliyowahi kupewa.

Lakini si lazima kungoja vita au Marburg ili kazi hii ihitajike. Malori ya Rwanda na Burundi yanapita Ngara na Biharamulo kila siku, na ajali zinatokea. Anayekimbilia eneo la ajali ni mkulima aliyekuwa karibu na kijana wa bodaboda, wakifuatwa na askari wa usalama barabarani. Wanabeba majeruhi, wanagusa damu, wanarudi nyumbani. Homa ya ini aina ya B huenezwa na damu, na chanjo yake ipo.

Tunayo Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009, tunayo sheria ya usalama mahali pa kazi ya mwaka 2003. Naamini kinachopungua ni kuitambua kazi hii kuwa kazi: iwe na mafunzo, posho na kinga kwa anayeifanya, na fungu kwenye bajeti ya halmashauri hata mwaka ambao hakuna mlipuko. Zahanati iwe na klorini, glovu nzito, buti na mifuko ya kuhifadhia maiti kabla havijahitajika. Namba 199 ya Wizara ya Afya ipo na kuipiga ni bure. Mtendaji wa kijiji anayeletewa habari usiku kwamba mtu amefariki akitokwa na damu aipige kabla ndugu hawajaanza kufua shuka.