Mjumbe Achague Vikao kwa Kumkumbuka Mgonjwa

Tiba kwa vitendo ni fani inayomwezesha mgonjwa au mlemavu kuzitenda tena kazi zake za kila siku: kuvaa, kula kwa mkono wake, kuoga, kupika, na kurudi shuleni au kazini. Familia za askari zina sababu ya kuifahamu. Chama cha kwanza cha fani hiyo nchini Marekani kiliundwa Clifton Springs mwezi Machi 1917, na mwaka 1918 wanawake waliofunzwa kazi hiyo walipelekwa Ufaransa kuwahudumia askari waliojeruhiwa vitani. Shirikisho la dunia liliundwa mwaka 1952. Mkutano wake mkuu ulifanyika Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2018, mjini Cape Town.

Mikutano ya namna hiyo ina taabu moja. Vikao vingi huendeshwa kwa wakati mmoja katika vyumba mbalimbali, na mjumbe asiyejipanga huvutwa na mada yenye jina kubwa.

Kwa mjumbe atokaye Dzaleka, wilayani Dowa, Malawi, kosa hilo lina gharama. Mahali hapo palikuwa gereza kabla ya kufanywa kambi ya wakimbizi mwaka 1994. Kambi ilikusudiwa watu wapatao 10,000. Sasa wamo zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili huwaunganisha. Lilongwe iko umbali wa kilometa 40 na kitu, lakini sera ya Malawi huwataka wakimbizi wakae kambini. Mhudumu wa afya wa kujitolea apatapo ruhusa ya siku mbili kuhudhuria mkutano mjini humo, hawezi kurejea siku ya tatu kuuliza alichokisahau.

Aanze na haja za nyumbani

Kabla ya kuisoma ratiba, mjumbe aandike haja za watu anaowahudumia. Mama aliyepatwa na kiharusi anataka kusonga ugali kwa mkono mmoja. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo hawezi kukaa bila kushikwa, hivyo dada yake hukosa masomo ili amshike. Mzee aliyekatwa mguu hawezi kuchuchumaa kwenye choo cha shimo.

Sasa ratiba isomwe kwa maswali hayo. Mada ya mitambo ya bei kubwa ingojee. Warsha ya kutengeneza viti vya watoto kwa karatasi kuukuu na gundi ya unga, ufundi ulioenezwa kutoka Zimbabwe, ipewe nafasi ya kwanza, maana vifaa vyake hupatikana hata kambini. Warsha ambayo mtu hutenda kwa mikono yake ni bora kuliko hotuba, kwa kuwa hotuba yaweza kusomwa baadaye.

Kikao kimoja kiwe cha maradhi ya akili. Majeraha ya vita si ya mwili peke yake. Aliyekimbia mapigano, kama askari aliyeyapigana, aweza kuwa na viungo vizima na bado akashindwa kuamka kwenda kazini. Tiba kwa vitendo humhusu yeye pia.

Vikao viwili vikigongana

Mshika mbili, moja humponyoka. Wajumbe wakiwa wawili wagawane vyumba, kisha jioni wasomeane waliyoandika. Aliye peke yake achague kimoja, na msemaji wa kile kingine amtafute wakati wa chai, akiwa na swali moja lililoandikwa tayari. Asijaze kila saa. Mazungumzo ya ukumbini nayo hufundisha.

Arudipo, katika juma lile lile awakusanye wazazi na wauguzaji, awaonyeshe kwa Kiswahili, kwa vitendo, jambo moja au mawili. Yule mtoto akipata kiti chake, dada yake atarudi darasani.