Mjamzito Asibebeshwe Bomba

Alizeti ni mmea mwepesi wa kudhurika. Upepo ukichukua dawa ya magugu iitwayo 2,4-D kutoka shamba la mahindi la jirani, majani yake hujikunja na shina likapinda. Wakulima wa Kinampanda, katika Wilaya ya Iramba, wanaoishi kwa zao hilo, hawahitaji mwalimu wa kuwaeleza hasara yake.

Dawa hiyo, iliyoanza kuuzwa katika miaka ya 1940, haiunguzi jani kama moto. Huiga homoni ya ukuaji wa mmea, ikaliamuru gugu la majani mapana likue bila kipimo mpaka life. Mahindi na mtama, yenye majani membamba, husalimika.

Lakini leo twataka kusema juu ya kiumbe kingine kinachokua, nacho ni mtoto aliye tumboni. Figo zake hujengwa humo, na kila figo hupata vichujio vidogo vipatavyo milioni moja kwa wastani. Wengine hupata vichache zaidi. Kazi hiyo hukoma kabla ya kuzaliwa, yapata juma la 36, wala baada ya hapo hakiongezwi hata kimoja. Mwaka 1988 Daktari Barry Brenner wa Marekani na wenzake walitoa hoja kwamba mwenye vichujio vichache yu karibu zaidi na shinikizo la damu ukubwani.

Mwaka 2011 wataalamu wa Tunisia walitangaza matokeo ya kuwapa panya 2,4-D tangu siku za mwisho za mimba hata za kunyonyesha. Figo za mama ziliharibika, na za watoto vilevile. Kweli, panya si binadamu, na kipimo walichopewa kilikuwa kikubwa. Hatusemi kwamba kila aliyepita kando ya shamba lililopulizwa atazaa mtoto mgonjwa. Twasema tu kwamba dawa ile haikuishia kwa mama.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yamkataza mwajiri kumpa mjamzito au anayenyonyesha kazi ya hatari kwa afya yake au ya mtoto wake. Vema sana. Ila mke anayelima shamba la nyumba yake, mwajiri wake ni nani? Hakuna mkaguzi atakayekuja kumtua bomba mgongoni. Atakayemtua ni mumewe, au shemeji, au kijana wa nyumbani.

Naye mume akishapuliza, asimtupie mkewe nguo zilizolowa dawa azifue kwa mikono mitupu. Azifue mwenyewe, mbali na kisima na mbali na nguo za watoto. Chupa tupu itobolewe, isichotewe maji. Na chama cha ushirika kinachouza dawa, kiuze na glavu siku hiyo hiyo, kabla mvua za palizi hazijaanza.