Je, sura ya mtu yatosha kutuambia asili yake? Tujifunze kwa watu wa Bonde la Usangu



Baadhi yetu mafrateri tumewahi kutumwa kwa kazi za kichungaji katika vigango vya Bonde la Usangu, wilayani Mbarali. Swali la kwanza tunaloulizwa huko si la liturujia wala la Maandiko. Ni hili: "Frateri, wewe ni kabila gani?" Kabla hatujajibu, muulizaji huwa ameshatutazama rangi, pua na urefu, akajijibu mwenyewe. Mara nyingi hukosea, tunacheka, maisha yanaendelea.

Lakini swali hilo laweza pia kugeuka. Zamu ya maji mferejini ikileta ugomvi, au ng'ombe wakiingia shambani, mtu hutazamwa usoni na kuambiwa, "Wewe si wa huku." Kijana akipeleka posa, wazee huanza kuulizana kuhusu nywele zake. Kwa sababu hiyo tumeona vema tueleze watu wa bonde hili wametoka wapi, na sura ya mtu yaweza kutuambia nini na haiwezi kutuambia nini.

Mwenyeji ni nani?

Usangu ni tambarare pana inayozungukwa na milima, na maji yake huingia Mto Ruaha Mkuu kupitia ardhi oevu ya Ihefu. Wengi husema wenyeji wake ni Wasangu, nao ni kweli. Ila Wasangu wenyewe hawakutoka katika tumbo moja. Katika karne ya 19 koo ndogo nyingi ziliunganishwa chini ya watawala wa ukoo wa Merere. Wafanyabiashara wa pwani waliofuata pembe za ndovu waliwaita Warori. Vita viliongeza mchanganyiko: mateka waliletwa, wakaoa na kuolewa, na wajukuu wao wakawa Wasangu kamili. Kisha Wahehe wakamfukuza Merere kutoka Utengule, akakimbilia Usafwa karibu na mahali ulipo mji wa Mbeya leo. Ukoo wake ulirudi Usangu miaka ya 1890 kwa msaada wa Wajerumani. Waliorudi hawakuwa watu walewale walioondoka, kwa maana miaka mingi ya kuishi na Wasafwa huzaa watoto.

Tukirudi nyuma zaidi, hadithi ni ileile. Magharibi ya mji wa Iringa kuna pango la Mlambalasi, karibu na kaburi la Mtwa Mkwawa. Mwaka 2022 wanasayansi walitangaza matokeo ya vinasaba vya mtu aliyezikwa hapo kati ya miaka 17,000 na 20,000 hivi iliyopita, pamoja na vya wawindaji wengine wa kale wa Tanzania, Malawi na Zambia. Walikuta kwamba wawindaji hao tayari walikuwa na damu ya asili tatu: ya Afrika Mashariki, ya Kusini na ya misitu ya Kati. Wakulima wanaozungumza lugha za Kibantu walikuja baadaye sana, wakitoka upande wa Afrika Magharibi. Kwa hiyo hata kabla ya jembe la kwanza kulimwa hapa, watu wa nyanda hizi walikuwa wamechanganyika.

Walioleta mfereji na walioleta mifugo

Ukifika Rujewa utakutana na watu wenye rangi ya maji ya kunde na nywele za singa, wanaoongea Kiswahili cha Mbeya kama sisi. Hao ni Wabaluchi. Asili yao ni Baluchistani, nchi kavu iliyogawanyika kati ya Irani na Pakistani. Masultani wa Omani waliwatumia kama askari, na kwa njia hiyo wakafika Zanzibar na pwani, kisha wakaingia bara wakiwa walinzi wa misafara na wafanyabiashara. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 Wabaluchi wa Usangu walianzisha kilimo cha mpunga wa kumwagilia. Mchele unaoisifia Mbarali leo una historia yake katika mifereji ile.

Wamasai na Wabarabaigi walikuja na mifugo wakitafuta malisho. Wasukuma walifuata kutoka kanda ya ziwa, hasa tangu miaka ya 1970. Wabena, Wahehe, Wakinga, Wawanji na Wanyakyusa waliteremka milimani kufuata mpunga. Mwaka 2006 na 2007 Serikali iliwahamisha wafugaji wengi pamoja na ng'ombe wao ili kuokoa Ruaha Mkuu, ambao tangu miaka ya 1990 ulikuwa ukikauka kila kiangazi. Familia nyingi zilikwenda hadi Pwani na Lindi. Wakati kama huo neno "mgeni" huuma. Ndiyo maana tunasema litumiwe kwa uangalifu. Haki ya ardhi na maji huamuliwa kwa sheria, wala haipimwi kwa umbo la pua.

Sura hurithiwaje?

Rangi ya ngozi, urefu na umbo la uso havitokani na kinasaba kimoja. Vinasaba vingi hushirikiana, na kila mtoto hupata mgawo wake. Ndiyo maana katika nyumba moja ya Rujewa mtoto mmoja aweza kuwa na nywele za singa na mdogo wake akawa na kipilipili, baba mmoja mama mmoja. Tuhesabu: kila mmoja wetu ana wazazi 2, babu na bibi 4, na tukipanda vizazi vitano tunafika wahenga 32. Sura hutuonyesha wachache tu kati yao, tena bila kutuambia ni akina nani.

Mwaka 2017 watafiti waliopima rangi ya ngozi na vinasaba vya watu wa Ethiopia, Tanzania na Botswana walionyesha kwamba vinasaba vingi vya weupe na vya weusi vilikuwapo Afrika tangu zamani mno. Basi mtu mweupe kidogo si lazima awe na babu wa ng'ambo. Na mweusi tititi aweza kuwa na babu Mbaluchi.

Fuvu la Kalenga

Wahehe wanajua uzito wa jambo hili. Mkwawa alipojiua mwaka 1898, Wajerumani walimkata kichwa. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliagiza fuvu lake lirudishwe, lakini miaka ikapita. Mwaka 1953 Gavana Twining alikwenda kwenye makumbusho ya Bremen, ambako mafuvu yalipimwa na vipimo kulinganishwa na vichwa vya ndugu wa Mkwawa waliokuwa hai. Vipimo vilipunguza idadi, lakini fuvu lililochaguliwa lilijulikana kwa tundu la risasi. Lilirudishwa mwaka 1954, nalo lipo Kalenga. Hata hivyo wapo wanaouliza hadi leo kama kweli ni lake, kwa sababu watu wengi huwa na vichwa vya umbo moja. Enzi hizo wasomi wa Ulaya walikusanya maelfu ya mafuvu ya Waafrika wakidhani wataweza kupanga mataifa kwa ubora. Walichotuachia ni familia zinazotafuta mabaki ya wazee wao mpaka sasa.

Sisi tunajifunza nini?

Nabii Samweli alipotumwa nyumbani kwa Yese alivutiwa na sura na kimo cha Eliabu, na Mungu akamsahihisha: Yeye hatazami wanavyotazama wanadamu. Aliyechaguliwa alikuwa Daudi, ambaye bibi mzaa babu yake alikuwa Ruthu, mwanamke mgeni kutoka Moabu. Mathayo hakumficha. Alimwandika wazi katika ukoo wa Yesu, pamoja na Rahabu wa Yeriko.

Mwaka 1995 Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake kwa Afrika, alilieleza Kanisa kuwa Familia ya Mungu. Kwa Usangu maana yake ni ya kila siku. Katika jumuiya ndogondogo, tunapochagua viongozi, tumchague anayefaa. Posa ikija, tuulize tabia na imani. Ugomvi wa maji ukitokea, tuulize zamu ilikuwa ya nani. Na frateri mgeni akifika kigangoni, mwulizeni kabila lake, hatukatazi. Ila msubirini ajibu mwenyewe.