Fahamu: Vihisi vinavyopunguza umeme wa pazia la hewa
Mfugaji wa Kibakwe, wilayani Mpwapwa, mkoani Dodoma, anajua nyama haisubiri. Hata ikifika kwenye chumba cha baridi, kila mlango ukifunguliwa joto huingia. Pazia la hewa, yaani feni iliyo juu ya mlango ikipuliza kuelekea chini, hulizuia. Likipuliza kutwa kwa nguvu ileile, hula umeme bure. Likizidi nguvu, hewa hudunda sakafuni na kuvuta joto ndani.

Vihisi hutambua mlango uko wazi, hupima joto la pande zote mbili na upepo wa nje, kisha feni hurekebishwa. Faida yake ni kubwa mno: kasi ikipungua kwa asilimia 20, umeme wa feni hushuka karibu nusu. Kwa vumbi la Dodoma, vihisi visafishwe mara kwa mara.