Daftari la Stesheni na Reli Yenyewe

Wanangu wa Niemba, reli inayotoka Kalemie kwenda Kabalo hupita hapa kwetu. Ilikamilika mwaka 1915, enzi Kalemie ikiitwa Albertville. Sasa tuseme stesheni ina daftari la mabehewa yaliyosimama. Behewa likiondoka na karani asilifute, msomaji wa daftari atapotoka. Anayekwenda kutazama relini hapotoki. Shikeni hilo, maana ndani ya kompyuta nako kuna daftari la namna hiyo.

Mwaka 1991 kijana wa Finland, Linus Torvalds, alianzisha Linux. Katika Linux diski haitumiki mpaka ipachikwe kwenye folda fulani. Hapo ndipo faili zake huonekana. Faili iitwayo /etc/fstab hutaja diski zinazotakiwa kupachikwa. Nyingine, /etc/mtab, hutaja zilizopachikwa sasa hivi. Hiyo ya pili ndiyo daftari letu, na zamani amri ya mount ndiyo iliyokuwa karani wake.

Mwenye chumba kizima cha kompyuta za shule hawezi kukaa mbele ya kila moja akijibu maswali yale yale ya kusakinisha Linux. Kwa hiyo majibu huandikwa mapema, kisha mashine zikajisakinisha zenyewe. Kati ya watengenezaji wa Linux, Red Hat wana Kickstart, Debian wana preseed, na mwaka 1999, katika Chuo Kikuu cha Cologne, Ujerumani, Thomas Lange alianzisha FAI kwa kazi hiyo hiyo.

Hapa ndipo tatizo huzuka. Kisakinishi huwa ni mfumo wa muda. Hupachika diski mpya kwenye folda kama /target, hunakili faili, kisha kwa amri ya chroot huingia ndani ya /target na kuifanya ndiyo mzizi wa kila kitu. Lakini /etc/mtab inayokutwa mle ni ya mfumo mpya, ambao haujawahi kuwaka. Pengine ni tupu. Pengine haipo kabisa. Ikiwa mfumo ulinakiliwa kutoka kompyuta nyingine, huenda ikataja diski za kompyuta ile! Daftari lisipokuwapo, amri ya df ikiulizwa nafasi iliyobaki huweza kulalamika kwamba haiwezi kusoma orodha, na hati ya usakinishaji ikakwama usiku bila mtu wa kuiokoa.

Wengine hulijaza daftari kwa mkono. Mimi naona huko ni kuandika uongo mpya juu ya wa zamani. Dawa ni kuliondoa na kuweka kiungo kielekeacho kwenye reli yenyewe. Kwanza pachika /proc ndani ya mfumo mpya, kisha, ukiwa ndani ya chroot, andika:

ln -sf /proc/self/mounts /etc/mtab

Kilichomo /proc si faili iliyohifadhiwa diskini. Kerneli, moyo wa Linux, hukitunga papo hapo kila kinaposomwa. Tena humjibu kila muulizaji kulingana na mahali alipo. Aliye nje huambiwa diski mpya ipo /target. Aliye ndani ya chroot huambiwa diski ile ile ni mzizi, na zilizo nje ya upeo wake hatajiwi.

Siku hizi Linux nyingi huja na kiungo hicho tayari. Mkipata kompyuta yenye Linux, andikeni ls -l /etc/mtab mwone kinaelekea wapi.